Mali Bila Daftari, Mashujaa Bila Majina

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Msemo huo ni wa wafanyabiashara, lakini pengine hakuna watu wanaoufahamu vema kuliko wanajeshi na polisi. Katika ghala la silaha kila bunduki ina namba yake. Risasi huhesabiwa zinapotolewa, na huhesabiwa tena zinaporudishwa. Blanketi likipotea, lazima pawe na mtu wa kulijibia. Huo ndio utaratibu, na jeshi lisilo na utaratibu huo si jeshi bali ni kundi la watu wenye silaha.

Lakini yupo pia yule aliyeibeba bunduki hiyo, na aliyembebea mwenzake risasi, chakula na dawa. Je, naye huandikwa kwa uangalifu huo huo? Na akifa, au akirudi kijijini kwake akiwa mzee na kilema, ni daftari gani litakalomshuhudia? Historia ya nchi jirani za Afrika Mashariki, kuanzia vita vya mwaka 1914 hadi leo, ina mengi ya kufundisha juu ya jambo hilo, na mengi kati ya hayo ni ya kusikitisha.

Katikati ya jiji la Nairobi, kando ya barabara ambayo leo huitwa Kenyatta Avenue, zimesimama sanamu za shaba za watu watatu. Wakoloni wa Kiingereza walizizindua mwaka 1928. Mwaka mmoja kabla yake, mjini Dar es Salaam, walikuwa wamesimamisha sanamu ya askari mwenye bunduki na singe, pale ambapo zamani ilikuwako sanamu ya Mjerumani Hermann von Wissmann. Maandishi ya Nairobi, yaliyochongwa kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, yanawataja askari wa Kiafrika waliopigana na wapagazi waliowatumikia. Tena yanatoa ahadi: kwamba mtu akiipigania nchi yake, hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake.

Ahadi hiyo ni nzuri. Hata hivyo, mpita njia akiizunguka sanamu hiyo kutafuta jina la askari hata mmoja wa Kiafrika, au la mpagazi hata mmoja, hataliona. Watoto waliahidiwa jina, lakini jina lenyewe halikuandikwa. Kumbe basi aliyetoa ahadi alikuwa ameivunja siku ile ile aliyoitoa.

Ili kuuelewa uzito wa jambo hilo yafaa kukumbuka vita vyenyewe vilivyokuwa. Katika mwezi wa Novemba 1914 Waingereza walijaribu kuiteka Tanga kutoka baharini wakashindwa vibaya. Toka hapo mapigano yalitapakaa katika nchi zinazoitwa leo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Malawi, Msumbiji na Zambia. Kutoka Kongo majeshi ya Wabelgiji yalikuja mpaka yakaingia Tabora katika mwezi wa Septemba 1916. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia. Siku hiyo vita vya Ulaya vilikuwa vimekwisha kwa wiki mbili. Vilikuwa vita vya mabeberu wawili waliokuwa wakigombania nchi za watu wengine, na wenye nchi hizo ndio waliosukumwa mbele kuuana.

Wengi waliokufa katika vita hivyo hawakuwa na bunduki. Barabara za magari hazikuwako isipokuwa chache, na mbung'o waliwamaliza farasi, nyumbu na ng'ombe. Njia iliyobaki ilikuwa ni kichwa cha mwanadamu. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 25 hivi, akatembea kutwa, kesho yake akaubeba tena. Naye alihitaji kula. Kwa hiyo ilibidi wapagazi wengine wabebe chakula cha wapagazi, na kadiri jeshi lilivyokwenda mbali ndivyo msururu ulivyorefuka. Posho ilipopungua, aliyepunguziwa kwanza ni yule aliyekuwa nyuma kabisa. Kuhara damu, malaria na homa ya mapafu viliua watu wengi kuliko risasi.

Waingereza walikiita kikosi chao cha wapagazi Carrier Corps. Ndimi za wenyeji zikaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo, na mpaka leo watu wa Dar es Salaam huenda Kariakoo kununua nguo na ndizi, kama vile wa Nairobi wanavyokwenda Kariokor, bila ya kufikiri kwamba wanataja jina la kambi ya watu waliokwenda na wengi wao wasirudi. Mwaka 1917 nchini Kenya serikali ya kikoloni iliamuru msako mkubwa wa wapagazi, ikisimamiwa na John Ainsworth, na vijiji vizima vikabaki bila vijana. Makadirio ya kawaida ni kwamba wapagazi waliokufa kwa upande wa Waingereza peke yake walikaribia 100,000. Inatumika lugha ya makadirio kwa sababu hesabu kamili haikuwekwa.

Baada ya vita lilizuka suala la fedha. Wapagazi wengi walikufa kabla ya kulipwa ujira wao. Serikali ilidai kuwa warithi hawakupatikana, na fedha ambazo hazikudaiwa zikabaki hazinani. Hapo ndipo msikilizaji anapopaswa kutulia na kutafakari. Kuanzia mwaka 1919 na 1920 serikali ile ile ya Kenya ilianza kumsajili kila mwanamume Mwafrika aliye mtu mzima. Alichukuliwa alama za vidole, akaandikiwa jina la chifu wake na la mwajiri wake, kisha akafungiwa kipande shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Aliyekimbia kazi ya mlowezi aliweza kutafutwa na kukamatwa mahali popote. Ni dhahiri basi kwamba kalamu ilikuwako, wino ulikuwako, na makarani walikuwako. Mwafrika alipotakiwa alipe kodi au afanye kazi jina lake lilipatikana. Alipotakiwa alipwe haki yake jina lilipotea. Asante ya punda, wasemavyo Waswahili, ni mateke.

Ilichukua zaidi ya miaka 100 kwa wenyewe kukiri. Katika mwezi wa Aprili 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ya uchunguzi wake. Taarifa hiyo ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, na huenda wakafikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa watu wa Afrika Mashariki na Misri. Sababu iliyotajwa haikuwa vurugu za vita tu, bali pia ubaguzi: maofisa wa wakati huo waliona kwamba Mwafrika hahitaji kaburi lenye jina. Tume iliomba radhi, na Waziri wa Ulinzi wa Uingereza wa wakati huo, Ben Wallace, naye akaomba radhi Bungeni. Tangu hapo uchunguzi umeendelea, na daftari za zamani zilizohifadhiwa na jeshi la Kenya zimeanza kutoa majina ambayo hayakuwamo katika orodha yoyote ya makaburi. Funzo lipo wazi: pale karani mmoja alipoandika, na mwingine akalitunza daftari, marehemu amepata jina hata baada ya karne nzima.

Upande wa Wajerumani nako kuna kisa ambacho wanajeshi hukisimulia. Mwaka 1964, mwaka aliofariki Lettow-Vorbeck, Serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wake wa zamani waliokuwa bado hai katika Tanganyika. Inasimuliwa kwamba mlipaji alikwenda Mwanza na mamia ya wazee wakajitokeza. Wachache tu walikuwa na vyeti vyao. Wengine walileta vipande vya nguo za kijeshi, na wengine hawakuwa na kitu ila maneno. Mlipaji akaona atumie njia nyingine. Kila mzee aliitwa mbele, akapewa ufagio badala ya bunduki, na akaamrishwa kwa Kijerumani afanye gwaride la silaha. Yasemekana hakukosea hata mmoja.

Watu hucheka wanapokisikia kisa hicho, na kweli kinachekesha. Lakini mtu akikichungua zaidi ataona uchungu wake. Wazee wale walilazimika kuthibitisha ujana wao kwa ufagio, nusu karne baada ya vita, kwa kuwa hakuna daftari lililowatetea. Na wenzao waliokuwa wapagazi je? Mpagazi hakufundishwa gwaride. Hakuwa na kitu cha kuonyesha isipokuwa bega lililochubuka na kupona zamani.

Vita Kuu ya Pili ilipokuja, watu wa nchi hizi waliitwa tena, na safari hii kwa wingi zaidi. Askari wa KAR, ambao watu waliwaita Keya, walipigana na Wataliani huko Uhabeshi mwaka 1941, wakaenda Bukini mwaka 1942, kisha wakavushwa bahari kwenda Burma kupigana na Wajapani. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na vijana kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasa, ilipita katika bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa masika makali, matope yakifika magotini na malaria ikiwaandama. Mwanzoni mwa mwezi wa Desemba mwaka huo iliingia Kalewa, na hapo likajengwa daraja kubwa la chuma la kuvukia mto Chindwin. Vijana ambao wakoloni walikuwa wakidai kwamba ni wa kutumwa tu walionekana wakilishinda jeshi lililokuwa limewatimua Waingereza miaka miwili kabla yake.

Si wote waliofika. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa ikielekea Ceylon, ilipigwa na manowari ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama kwa muda wa dakika chache, na watu wapatao 1,300 wakafa. Miongoni mwao walikuwa mamia ya askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Baharini hakuna kaburi. Mtu wa namna hiyo, jina lake ndilo kaburi lake. Lisipoandikwa, hana kaburi.

Katika vita hivyo vya pili majina yaliandikwa vizuri zaidi. Katika mnara wa kumbukumbu wa Rangoon, wenye majina karibu 27,000 ya askari ambao makaburi yao hayajulikani, yamo majina ya Waafrika wa Mashariki pamoja na ya Wahindi na Waingereza. Lakini daftari la malipo lilibaki na rangi mbili. Bahshishi ya kuachishwa jeshi ilipangwa kwa rangi ya ngozi, na hati za zamani zilizofichuliwa katika mwaka 2019 zilionyesha kwamba Mwafrika alipata kama theluthi tu ya alichopewa Mzungu wa cheo kama chake. Nchini Kenya Wazungu waliotoka vitani walipewa mipango ya kugawiwa mashamba. Mwafrika alirudi katika hifadhi aliyotoka, akakuta kipande kikimngoja.

Wakoloni hawakujua kwamba kwa kufanya hivyo walikuwa wakipanda mbegu. Mmoja wa waliopigana Burma alikuwa Waruhiu Itote wa Nyeri. Alirudi akiwa ameona mambo mawili: kwamba Mzungu naye hufa kwa risasi, na kwamba watu wa Asia walikuwa wakidai uhuru wao. Mwaka 1952 aliingia katika misitu ya Mlima Kenya, akajulikana kwa jina la Jenerali China, na ujuzi alioupata katika KAR akautumia kuwafundisha wapiganaji wa Mau Mau. Alikamatwa katika mwezi wa Januari 1954. Kenya ilipojitawala alitumikia Huduma ya Vijana ya Taifa, na alifariki mwaka 1993.

Itote alikuwa na bahati ya kuandika kitabu, kwa hiyo jina lake halikupotea. Wenzake wengi walikaa kimya kwa miaka mingi, kwani hata baada ya uhuru amri ya kikoloni iliyopiga marufuku Mau Mau ilibaki katika sheria za Kenya mpaka mwaka 2003. Mwaka 2007 sanamu ya Dedan Kimathi ilisimamishwa Nairobi. Kisha wazee wa kiume na wa kike waliokuwa wameteswa kambini walifungua kesi mjini London. Kilichowasaidia sana ni karatasi. Mwaka 2011 ilibainika kwamba maelfu ya faili za makoloni yaliyokuwa ya Uingereza yalikuwa yamefichwa mahali paitwapo Hanslope Park, na ndani yake mna maandishi ya maofisa wenyewe juu ya mateso hayo. Tarehe 6 Juni 2013 Serikali ya Uingereza ilitamka Bungeni masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Katika mwezi wa Septemba 2015 mnara wa kumbukumbu ulizinduliwa katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Ikumbukwe basi kwamba faili lililofichwa si sawa na faili lililochomwa. Haki iliyoandikwa inaweza kulala, lakini siku moja huamka.

Daftari lina kazi nyingine pia, nayo ni kumzuia mwongo. Mfano wake uko Uganda. Idi Amin alipenda kujitangaza kuwa mpiganaji wa Burma, na alijivika nishani kifua kizima mpaka ikabidi koti lirefushwe katika mawazo ya wachora katuni. Kumbukumbu za KAR zinasema kwamba aliandikishwa mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha mwaka mmoja kabla yake. Heshima aliyojitwalia ilikuwa ya watu wengine. Ilikuwa ya wale waliokufa Kabaw na katika Khedive Ismail, nao hawakuwa na kinywa cha kumkanusha. Pale mashujaa wa kweli wasipoandikwa, nafasi yao hukaliwa na wajigambi.

Na ni Amin huyo aliyewafanya Watanzania wafungue ukurasa wao wenyewe. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi yake yalivamia eneo la kaskazini ya mto Kagera, yakaua raia, yakapora mifugo na kubomoa daraja la Kyaka. Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa vita, na waliojibu wito hawakuwa wanajeshi peke yao. Walikuwamo polisi, askari wa magereza, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa na mgambo kwa maelfu, ambao wengi wao miezi michache kabla walikuwa wakilima. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka, na wananchi wa Uganda wakatoka barabarani kushangilia. Safari hii mtu wa Afrika Mashariki hakuwa amebebeshwa mzigo wa mfalme wa mbali. Alikuwa akilinda nchi iliyokuwa yake.

Kwa sababu hiyo waliokufa hawakuachwa porini. Makaburi yao yako Kaboya, mkoani Kagera. Kusini, huko Naliendele mkoani Mtwara, wamelazwa wale waliotoa maisha yao nchini Msumbiji. Kila tarehe 25 Julai, siku ya Mashujaa, Tanzania huweka silaha za jadi na mashada ya maua katika minara ya kumbukumbu. Hiyo ni tofauti kubwa na wapagazi wa mwaka 1917, na ni tofauti iliyoletwa na uhuru.

Hata hivyo, kaburi ni mwanzo wa daftari wala si mwisho wake. Jiwe husema fulani alikufa. Halisemi alivukaje mto, nani alimfunga jeraha, aliagiza nini kwa mkewe. Mambo hayo yamo vifuani mwa wenzake walio hai. Wazee wa Burma wamekwisha karibu wote, na mengi wameondoka nayo. Kijana wa miaka 20 aliyeingia Kampala na kombania yake mwaka 1979 sasa amepita miaka 65. Mgambo aliyerudi shambani bila ya kelele, polisi aliyelinda raia katika miji iliyokombolewa, dereva aliyepitisha lori katika matope ya Masaka, hao wote wangali wakionekana misikitini, makanisani na magengeni, na mara nyingi jirani zao hawajui walikotoka.

Ndugu wasikilizaji wa majeshi na polisi, wajibu hapa hauhitaji bajeti kubwa. Karani wa kikosi anapoandika jina la askari kwa ukamilifu, na la baba yake, na la kijiji chake, na la mrithi wake, anafanya kazi iliyokosekana mwaka 1917. Mkuu wa kituo anayekataa jalada la mtumishi wa zamani litupwe ili kupata nafasi kabatini anatunza haki ya mjane ambaye pengine hajazaliwa. Na kijana aliyevaa sare leo, akienda likizo kwao, amkute mzee aliyetumikia, akae naye, aulize kikosi chake na makamanda wake, kisha aandike. Wapagazi wa Kariakoo waliahidiwa kwamba watoto wao watayakumbuka majina yao. Majina yao hayakuandikwa. Ya hawa bado yanaweza kuandikwa, maadamu wenyewe wangali hai wa kuyataja.